Keki ya Boga kwa Mama Mkwe

Mimi ni mwanamume niliyeoa kwa keki. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Wenzangu wa rika langu walioa kwa jembe, wengine kwa ng'ombe, na mmoja ninayemfahamu alikubaliwa kwa sababu alikuwa na redio. Mimi nilipasua boga, nikachuja maziwa, nikachimba kichuguu, na mke niliyempata kwa kazi hiyo yuko hapa nyumbani hadi leo. Ananisikia ninavyosoma maneno haya kwa sauti na anatikisa kichwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshahamia vijijini, na sukari leo ipo dukani, kesho haipo. Nilikuwa mpishi wa mapadre katika misheni moja pale Mpanda. Kazi hiyo nilifundishwa na sista mmoja mzee wa Kizungu, mfupi, mkali, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: koroga, acha, funika, toka. Sikumchukia. Mtu akikufundisha kitu vizuri unamsamehe sauti yake. Alinifundisha mkate, supu, biskuti, na kila Pasaka alinifundisha upya keki yake ya jibini na chokoleti, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kuikumbuka mwaka mzima.

Jiko letu halikuwa na kipimo cha moto. Tulikuwa na tanuri la matofali, na tulipima kwa mkono na sala. Unaingiza mkono mtupu ndani ya tanuri na unaanza Salamu Maria. Ukishindwa kufika katikati, moto huo ni wa mkate. Ukimaliza sala nzima lakini huku unaharakisha Amina, hapo weka keki ya kawaida. Keki ya jibini inataka moto mpole: usali mara moja kwa utulivu, uanze mara ya pili, ndipo mkono uombe kutoka. Nilipima hivyo kwa miaka sita na sikuunguza kitu, isipokuwa vinyweleo vya mkono wa kulia, ambavyo havijarudi.

Huyu mke wangu alikuja misheni kujifunza ushonaji. Kwao ni Kasekese. Mimi ndiye niliyewapikia wale wanafunzi uji, na siku moja aliporudisha kikombe aliniambia, "Uji wako hauna madonge." Unaweza kuiona kuwa sifa ndogo. Mimi sikulala vizuri siku tatu.

Sasa, kwao posa haikuishia kwenye barua. Mchumba alikwenda kwa wakwe msimu wa mvua, akapewa kipande cha shamba, akalima huku anatazamwa. Hakuna aliyemsemesha sana. Walitazama mgongo wake na matuta yake, na mwisho wa wiki baba wa msichana alisema ndiyo, au alinyamaza. Akinyamaza ujue umekataliwa, unafunga mzigo wako na kuaga.

Nilikwenda mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea. Mikono iliyokanda unga miaka sita haijui mpini. Siku ya kwanza nilitoka malengelenge, siku ya pili yakapasuka, na matuta yangu yalipinda yakafuatana na njia ya mbuzi. Nilibadilisha jembe nikidhani lile la kwanza lina kasoro. Baba mkwe, mtu mrefu aliyekaa kwenye kigogo pembeni akisokota kamba, hakuinua hata macho. Alisema tu, "Mchagua jembe si mkulima." Watu waliokuwa wakipalilia jirani walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Kilichonitia homa hasa hakikuwa kicheko. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kijana mwingine, wa kijiji hichohicho, mwenye mabega mapana, analima kipande cha pili cha baba mkwe huyohuyo. Hakuna aliyeniambia yule ni nani. Hakukuwa na haja. Matuta yake yalikuwa yamenyooka.

Mwisho wa wiki baba mkwe aliniita. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ule unyamavu wao, lakini yeye aliongea.

"Kijana, jembe si lako. Nikikupa mtoto wangu, mtakula nini nyie?"

"Nitapika, baba."

"Mwanamume apike, mwanamke naye afanye nini?"

"Ale," nikasema.

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile sijui. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayepima mbuzi kwa macho. Kisha akasema, "Njoo wakati wa Pasaka. Lete hicho unachokijua. Kikiwa cha maana tutaongea. Kikiwa cha ovyo, yule wa ng'ambo ameshamaliza kulima."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikipika vibaya, ninamkosa.

Na kulikuwa na ugumu wa pili, mkubwa kuliko wa baba. Baba peke yake hakutoa mtoto. Neno la mwisho lilikuwa la mama. Na mama mkwe wangu, kwa heshima ya kwao, nilikuwa simwoni. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akija njiani unaingia majanini. Ukipita nyuma ya nyumba unakohoa kwanza ili ajifiche. Wiki nzima ya jembe nilimjua kwa ncha ya khanga inayopotelea kwenye ua wa mabua. Kula mbele yake haiwezekani, na yeye kula mbele yako ni aibu ambayo haina dawa. Basi nifikirie mimi: natakiwa kumshawishi kwa chakula mtu ambaye sitamwona akikila.

Nilirudi Mpanda nikamweleza sista. Hakusema pole. Siku ya Pasaka, tulipomaliza kuwapakulia mapadre, aliniwekea mezani kopo lake la kuokea, lile ambalo kitako chake kinatoka, na juu yake kipande cha chokoleti kilichobaki kwenye kifurushi chake cha kutoka kwao. Kilikuwa kimeshaanza kuwa cheupe kwa joto. "Usifungue mapema," akaniambia. "Usikate ikiwa moto." Kisha akasema, "Toka."

Jumatatu ya Pasaka nilipanda lori lililokuwa linapita Kasekese likiteremka Ikola, ziwani, kuchukua dagaa. Mayai nilikuwa nimeyafukia kwenye ndoo ya pumba, chokoleti nimeiviringisha kwenye gunia bichi, sukari nimeifunga kiunoni chini ya shati, kwa sababu sukari ya wakati ule ulilala nayo. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningepika keki ya sista, hatua kwa hatua, bila kuongeza wala kupunguza.

Nilipofika Kasekese nilipokelewa na shangazi wa mchumba wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya kiume, ambaye ndiye alikuwa mjumbe kati yangu na mama mkwe. Alinipa maji ya kunywa. Halafu akaingia ndani, akatoka amekumbatia boga.

"Mwanangu, mama yake amesema hivi: kama kweli unapika, upike na hili. Limetoka shambani kwake."

Lilikuwa boga la kijivujivu, gumu, zito, lina kikonyo kikavu. Nililipokea kwa mikono miwili nikashukuru, lakini moyoni niliishiwa nguvu. Watu wa pale boga ni la asubuhi. Unalichemsha, watoto wanakula wakienda shule, basi. Hata mgeni wa kawaida humpi boga, sembuse mkwe. Na mimi ndiye niliyetakiwa kulifanya liwe chakula cha heshima. Mama mkwe alikuwa amenipa mtihani wake mwenyewe, tofauti kabisa na ule wa mumewe.

Nililala na boga lile kando ya kitanda. Asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwamba keki ya sista peke yake haitoshi, boga litaingia ndani yake. Hakuna mtu aliyenifundisha jambo hilo, na nalisema wazi kwa sababu kuna watu siku hizi wanaona picha za keki kwenye simu wanadhani zilianza jana.

Kwanza tanuri. Nyuma ya nyumba ya shangazi kulikuwa na kichuguu kilichokufa, mchwa wameshahama, udongo wake mgumu kuliko tofali. Nilichukua sururu ndogo nikakitoboa upande usiopigwa na upepo, nikachimba mdomo, nikapanua tumbo ndani, nikatoboa tundu la moshi kwa nyuma. Kazi ya nusu siku. Baba mkwe alikuja na kamba yake akakaa kwenye kigogo kama kawaida yake, na baada ya muda akasema, kama vile anajisemea, "Kumbe kuchimba anajua." Nilijifanya sijasikia, lakini sururu ilikuwa nyepesi tangu hapo.

Siku mbili niliwasha moto mdogo ili kukausha ndani. Siku ya tatu nikawasha mkubwa wa kujaribia, nikakomba makaa, nikaingiza mkono na kuanza kusali.

Hapo nilikosea, kosa la mtu aliyekaa misheni muda mrefu akasahau anaishi na nani. Vichuguu kwa wazee wa pale si udongo tu. Kuna walioviwekea unga, kuna walioviombea mvua, na ingawa wote tulikuwa tumebatizwa, hakuna aliyekojoa karibu na kichuguu. Sasa wapita njia wanamwona mkwe mtarajiwa, mgeni, amechuchumaa, mkono umeingia kichuguuni hadi kwapani, macho kafumba, midomo inacheza. Kabla ya jua la mchana habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima: mchumba wa mjini anaongea na mizimu.

Baba mkwe alikuja bila kamba.

"Kijana, unaongea na nani humo?"

"Nasali, baba. Salamu Maria."

"Kanisa liko kule."

Nikamweleza habari ya mkono na moto. Hakuniamini. Alikuwa kiongozi wa rozari katika jumuiya yao, na aliona ninamdanganya kwa jina la Mama Maria. Akakunja shati, akapiga magoti, akaingiza mkono wake mwenyewe, akaanza sala. Lakini yeye alisali kama alivyozoea kanisani, taratibu, akivuta kila neno ili hata bibi wa nyuma asikie. Hakufika mbali. Alitoa mkono akaupuliza, akautazama, akatazama kichuguu.

"Moto wa kweli," akasema. Kisha akawageukia waliokuwa wamejikusanya, "Nendeni. Anapima moto." Uvumi ukafa pale pale, na mimi nikawa nimepata shahidi mwenye ngozi nyekundu.

Maziwa niliyapata kwa Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao mwendo wa nusu saa kutoka pale. Mama mmoja alinijazia kibuyu cha maziwa mgando, mazito, mazuri kwa macho. Niliyamimina kwenye kitambaa safi nikakining'iniza kwenye boriti juu ya beseni, maji yakawa yanadondoka usiku kucha. Asubuhi nilifungua kitambaa nikakuta donge jeupe la jibini, laini, ambalo sista angelitazama bila kulikosoa. Nikalinusa. Likanuka moshi.

Nilikaa chini. Wafugaji wanafukiza vibuyu vyao kwa kijiti cha moto ili maziwa yasiharibike, na kwao moshi ule ndio utamu wenyewe. Nimekunywa maziwa hayo tangu utoto wangu bila hata siku moja kuuona ule moshi, kwa sababu kwangu hayo ndiyo yalikuwa maziwa. Miaka sita ya ndoo safi za misheni ilikuwa imenisahaulisha. Muda wa kutafuta mengine haukuwepo. Ijumaa ilikuwa imeshafika, Jumamosi wazee wameitwa, na Jumatatu lori linarudi. Nilisema potelea mbali, nitaongeza chokoleti.

Nililipasua boga la mama mkwe. Ndani lilikuwa la rangi ya kiini cha yai la kienyeji, kavu, boga la daraja la kwanza. Nilikwangua mbegu zote kwa kijiko, nikazitenganisha na nyuzi, nikaziweka kwenye jani la mgomba pembeni. Nyama yake nikaichemsha kwa maji kidogo sana chini ya majani, nikaiponda, nikaikamua kwenye kitambaa nayo, maana boga lina maji ya siri na maji ndiyo adui wa keki hii.

Biskuti nilizokuja nazo kutoka misheni nilizitwanga kwenye kinu pamoja na karanga zilizokaangwa. Mwanamume kushika mchi mbele ya watu lilikuwa jambo jipya, na wanawake wa jirani waliacha kazi zao. Mmoja akaanza kuniimbia wimbo wa kutwangia. Nikamfuatisha mapigo. Kama unacheka, nikajiambia, ucheke kwa mpangilio. Nikachanganya unga ule na samli, nikaubana chini ya kopo la sista kwa kitako cha kikombe.

Jibini, boga, mayai, sukari, mdalasini kidogo. Nikakoroga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Theluthi moja nikaitenga, nikaitia chokoleti iliyoyeyushwa na samli. Halafu nikamimina rangi ya boga, nikamimina rangi ya chokoleti juu yake, nikachukua kijiti kisafi nikakizungusha mara tatu tu. Ukizungusha mara nne rangi zinachanganyika na kazi yote inakuwa tope. Nilipoitazama, ile michirizi ya kahawia juu ya njano, nilijua nimetengeneza kitu ambacho sista mwenyewe hakuwahi kukitengeneza.

Nikasali moja na nusu. Mkono ukaomba kutoka. Nikaingiza kopo, nikafunga mdomo wa kichuguu kwa kipande cha bati na kuziba kwa udongo mbichi.

Nilipogeuka kuchukua zile mbegu, jani la mgomba lilikuwa tupu. Nikawatukana kuku wa shangazi, kimoyomoyo, kwa sababu walikuwa kuku wa ukweni.

Nilikuwa nimechomeka kijiti ardhini, nikaweka alama mahali kivuli kitakapofika. Watu wote walitaka nifungue nichungulie. Shangazi alisema ananusa kuungua. Baba mkwe alisema chakula kisichochunguliwa hakina mwenyewe. Sikufungua. Kivuli kilipogusa alama ndipo nikavunja udongo, nikavuta kopo kwa matambara. Juu ilikuwa imetulia, haina ufa hata mmoja. Nilitikisa kidogo, katikati ikatetemeka na kuacha, kama sista alivyotaka. Ningelia, lakini watu walikuwa wengi.

"Haya, kata," akasema baba mkwe. Alikuwa ameshika kisu chake mwenyewe.

"Bado, baba."

"Bado nini? Si imeiva?"

"Inaliwa kesho. Ipoe kwanza."

"Chakula gani hicho kinachongoja kipoe ndipo kiitwe chakula? Ugali ukipoa si tunawapa mbwa?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Mkwe hambishii baba mkwe. Hilo nililijua tangu tumboni mwa mama yangu. Lakini ile ilikuwa kazi yangu, na katika kazi yangu mimi ndiye mzee. Nikamwambia, "Baba, shambani ulinielekeza nikanyamaza. Jikoni ninyamazie na mimi." Shangazi akaziba mdomo kwa khanga. Baba mkwe alirudisha kisu kiunoni, akaondoka bila neno, na mimi nikaizika keki yangu kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi, nikiwa na hakika kwamba nimeshajifukuza mwenyewe.

Jumamosi walikuja: baba mkwe, ndugu zake wawili, na katekista. Nilitoa kopo, nikasukuma kitako, keki ikapanda juu nzima, imesimama. Nilikata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, nikawapa vipande, nikarudi nyuma hatua tatu.

Baba mkwe alitia mdomoni. Akatafuna, ingawa hakuna cha kutafuna. Akaacha kutafuna.

"Ina moshi," akasema.

Nikatazama miguu yangu.

"Moshi mzuri," akaendelea. "Kama wa samaki wa Kapalamsenga. Hiki kitamu kingine ni nini?"

"Boga, baba. La shambani kwenu."

"Boga," akawaambia ndugu zake, kama vile hawakusikia. Akachukua kipande cha pili, akachukua na cha tatu, na katekista aliyekuwa amekataa kwa kuogopa mayai, mwiko wa kwao, alibadilisha imani. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilijivuna. Nilisimama pale nikiwa na mikono iliyoshindwa jembe, nikaona wanaume wanne wakilamba vidole, nikajivuna mpaka shingo ikauma.

Baba mkwe alijifuta mdomo. "Mimi nimekula," akasema. "Lakini mtoto si wangu peke yangu."

Kipande cha mama mkwe nilikuwa nimekitenga mapema, kikubwa, kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Shangazi alijua namna ya kukivusha. Mama mkwe asingeweza kupokea chakula kilichotoka mkononi mwangu, kwa hiyo niliiweka sahani chini, nikageuka, shangazi akaiokota na kusema kwa sauti, "Nimeokota chakula changu." Kisha akaingia nacho ndani ya ua.

Nikangoja. Kwao, kama kwetu, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, unalirudisha na chumvi, na nyanya, na chochote. Sahani ikirudi na kitu, moyo umekubali. Ikirudi tupu, umeelewa. Jioni sahani haikurudi. Jumapili baada ya misa haikurudi. Nilikohoa mara mbili nyuma ya ua ule bila sababu yoyote, nikasikia nyayo zikikimbia, basi. Shangazi nilipomuuliza aliniambia niache papara. Kijana wa ng'ambo ya kijito alipita na jembe begani, akanisalimia kwa adabu nyingi mno.

Jumatatu lori lilikuja, limejaa magunia ya dagaa. Nilikuwa nimeshaweka kopo la sista kwenye mzigo, mguu mmoja uko juu ya gurudumu, nikamwona shangazi anakuja haraka, na nyuma yake mchumba wangu, ambaye wiki nzima hakuruhusiwa kunisogelea. Shangazi alikuwa na sahani yangu, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Nilifungua. Ilikuwa imejaa mbegu za boga. Zimeoshwa, zimekaushwa, moja moja.

Mchumba wangu alianza kulia, na mimi sikuelewa. Shangazi akanieleza huku dereva anapiga honi. Mama wa kwao hampi mtu mbegu ya boga lake. Anaihifadhi, na anampa binti yake siku anapotoka kwenda kwa mume, akapande nyumbani kwake. Hajawahi kumpa mtu mwingine. "Safari hii amesema apewe mpishi," shangazi akasema. "Zipandwe karibu na jiko."

"Kumbe keki ameipenda," nikasema. Nilikuwa nacheka kama mjinga.

"Keki ameila, na sahani ameilamba. Lakini mwanangu, mbegu hukauka kwa siku ngapi? Hizi amezianika tangu Ijumaa. Ulipogeuka kuziba kichuguu chako, yeye alikuwa nyuma ya mgomba. Amesema mwanamume anayetenga mbegu kabla hajapika hawezi kuwaacha watoto wake na njaa."

Ijumaa. Keki ilikuwa bado haijaiva. Mumewe alikuwa bado anataka kuichungulia. Nilipanda lori nikakaa juu ya dagaa, sahani mapajani, na hadi Mpanda sikuiachia.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Mbegu zile zilipandwa karibu na jiko, zikazaa, na mbegu zake zikapandwa, na mabinti zetu watatu kila mmoja aliondoka na zake. Mama mkwe ameshatangulia. Mungu amlaze pema. Mimi nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba nilioa kwa keki, na mke wangu husahihisha kila mara kwamba nilishaoa kabla tanuri halijafunguliwa. Anamnukuu mama yake, mbegu na watoto na njaa, na watu wananitazama kwa heshima, na mimi nanyamaza.

Nanyamaza kwa sababu kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia, na sasa ninapolisoma kwa sauti ameacha kutikisa kichwa na anangoja. Kule misheni, sista alikuwa hazitupi mbegu za boga. Alizikaanga kwa chumvi. Nami nilizitenga siku ile juu ya jani la mgomba ili nizikaange nizile wakati nangoja kivuli kifike.

Tangu siku ya lori lile sijakaanga mbegu ya boga.